Kicheko chini ya ngazi: kisa cha sherehe ya Halloween ya watoto, Des Moines

Watoto 11, nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja kikubwa chini ya ardhi, mji wa Des Moines katika jimbo la Iowa, Jumatano ya tarehe 30 Oktoba 2024. Saa kumi na moja na robo jioni watoto wa kwanza walianza kushuka ngazi. Kabla hawajafika chini tukasikia kicheko cha mashine, halafu kilio, halafu kimya. Kilio kilikuwa cha mpwa wangu wa miaka 3. Kimya kilikuwa cha mtoto wa jirani, wa miaka 7, na kimya hicho ndicho kilichonikalisha kuandika.

Nieleze kwanza mji wenyewe, maana bila desturi yake kisa hakieleweki. Sehemu kubwa ya Marekani watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Kwa miaka mingi Des Moines na miji inayouzunguka walikuwa na usiku wao, tarehe 30, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, wakauita Beggars' Night, usiku wa ombaomba. Chanzo chake kinarudishwa mwaka 1938, wakati Halloween ilikuwa imegeuka usiku wa vijana kuvunja vioo na kuharibu mali za watu. Mji ukaamua kuwapa watoto kazi ya kufanya: omba pipi, lakini uilipie kwa wimbo, shairi au utani. Ule utani umebaki mpaka leo. Mtoto akigonga mlango Des Moines hafungui mfuko tu. Mwenye nyumba anasubiri kuchekeshwa kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimfundisha binti yangu utani wa Kimarekani, akaukariri kama mtu anayekariri namba ya simu. Alikuwa hajui kwa nini watu wanacheka. Utani wao mwingi umejengwa juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti. Ukijaribu kuuleta kwenye Kiswahili unakufia mdomoni. Mwaka uliofuata nikajiuliza, hivi mtoto wa Kiswahili anahangaika vipi na jambo hili wakati kwetu tumelala na vitendawili? Hapo ndipo wazo la sherehe lilipoanzia. Nilitaka watoto wa majirani wakutane nyumbani, wavae wanavyotaka, wafundishwe vitendawili vitatu vinne, kisha saa kumi na mbili tutoke wote tukaombe pipi na mali yetu wenyewe mdomoni.

Wazo lilikuwa zuri. Nililiharibu nilipoingia dukani.

Mwezi Oktoba maduka ya hapa yana mabomba ya moshi, mabuibui ya ukubwa wa sinia, mikono inayochomoza ardhini. Baba watoto akapenda kiunzi kimoja cha mifupa, kimo cha mtoto wa darasa la nne, chenye kitambuzi: mtu akipita mbele yake macho yanawaka mekundu, taya linafunguka, kinacheka. Tulicheka wote wawili pale dukani, mchana, taa zimewaka, watu wanapita na vitoroli vyao. Hatukujiuliza kitachekaje gizani, chini ya ngazi, mbele ya mtoto wa miaka 3 ambaye macho yake yako sawa na taya lile.

Kabla ya sherehe kulikuwa na kazi ya akina mama, na hii nitaikalia kidogo kwa sababu wengi huiruka. Sisi Waswahili wa ughaibuni si kundi moja. Hapa Iowa wasemaji wa Kiswahili wengi ni Wakongomani na Warundi waliokuja kama wakimbizi, kisha wachache wetu wa Tanzania na Kenya. Jirani yangu wa Kivu ni mlokole wa kweli. Nilimkuta chumba cha kufulia, nikamwambia. Akaacha kukunja nguo.

“Dada, mambo ya mashetani, hapana.”

Sikumbishia. Kwa Mmarekani mzimu ni mwanasesere. Kwetu mzimu una jina, una mti wake, una mtu aliyeugua kwa ajili yake, na ukimtaja jini mezani kuna mtu atasema audhubillahi. Kumwambia mwenzako “ni mchezo tu” ni kumwambia kwamba anachokiogopa yeye hakipo, na hilo silo la kuamuliwa na mimi kwenye mashine ya kufulia. Nilimwonyesha karatasi: mavazi, vitendawili, mandazi ya kung'ata bila mikono, kupaka rangi maboga. Hakuna shetani, hakuna kaburi, hakuna damu. Akaisoma mara mbili. Akauliza jambo la pili, lile la kwenye WhatsApp: si kweli kwamba watu wanatia sumu kwenye pipi za watoto? Nikamwambia yupo msomi wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, Joel Best, aliyefuatilia taarifa hizo kuanzia mwaka 1958, na hakupata ushahidi wa mtoto aliyeuawa na mtu baki aliyegawa pipi zenye sumu ovyo mlangoni. “Basi nitakuja nao,” akasema, “lakini nitakaa.” Akaja nao watatu, akavaa aproni, akakaanga mandazi yote. Laiti ningekuwa nimemwonyesha na kile kiunzi. Kwenye karatasi hakikuwemo, kwa sababu tulikinunua baadaye. Hilo ni kosa langu la kwanza, na ni la uaminifu kabla halijawa la mapambo.

Mama wa Mombasa alikuwa na swali jingine: jelatini. Mashimelo mengi ya hapa, na zile pipi za njano na chungwa zenye umbo la punje ya mahindi zinazojaa kila bakuli mwezi huu, zina jelatini, na mara nyingi pakiti haisemi ya mnyama gani. Kwake hilo lilitosha. Na Halloween yenyewe hawaifanyi. Nikakubali yaishe.

Kisha mbingu ikaingilia. Wiki ileile watabiri wa hali ya hewa wakaonya kuhusu radi na upepo mkali Jumatano jioni, na Des Moines ikahamisha Beggars' Night kwenda Alhamisi tarehe 31. Simu yangu haikupumzika. Sherehe ipo? Imehamishwa? Nilikuwa nimeshaumua unga. Nikaamua sherehe ibaki Jumatano, ndani, na kupita nyumba kwa nyumba kuwe Alhamisi kwa anayetaka. Nilifanya hivyo kwa uvivu wa kubadili mpango, lakini leo ningeuchukua kama kanuni: usibebeshe watoto sherehe na matembezi jioni moja. Mtoto aliyekwisha kula kaimati sita, kuruka saa moja na kupaka rangi uso hawezi tena kusimama mlangoni kwa mgeni akatega kitendawili. Tena mama wa Mombasa akapiga simu. “Kama si siku yenyewe, waje wacheze tu.” Wakaja wawili. Radi ikafanya nilichoshindwa kufanya kwa maneno.

Sasa turudi kwenye ngazi.

Nilikuwa nimepanga watoto washuke kwa mafungu, wakubwa mbele. Haikuwa hivyo, mlango ulipofunguliwa walishuka kama mahindi yanavyomwagwa kwenye gunia, na wadogo, kwa kuwa wepesi, wakawa mbele. Mashine ikacheka. Mpwa wangu akapiga ukunga na kujikojolea. Watoto watatu wa Kimarekani, wanafunzi wenzake binti yangu, wakashangilia, kwao hii ndiyo raha yenyewe. Mtoto wa jirani akasimama kwenye kipandio cha tatu kutoka chini. Hakulia. Mkono mmoja umeshika reli mpaka vidole vimepauka, macho hayako kwenye kiunzi bali kwenye dirisha dogo la juu. Alikuwa anatafuta pa kutokea.

Mama yake alitoka jikoni na unga mikononi, akamwona, akamwita kwa sauti ya chini sana kwa Kiswahili cha kwao. Baadaye, tukiosha vyombo, akaniambia maneno machache tu: kule walikotoka, kishindo cha ghafla usiku hakikuwa mchezo. Mtoto alikuwa mdogo mno kukumbuka, akasema, lakini mwili unakumbuka.

Nimeuchambua wakati ule mara nyingi. Watu wakipanga sherehe hizi huuliza, “Inatisha au haitishi?” Hilo swali halina jibu, kwa sababu woga haukai kwenye mapambo. Kitu kilekile kiliwafurahisha watatu, kikamvunja mmoja, kikamrudisha mwingine mahali ambako mimi sijawahi kufika. Mtoto wa miaka 3 bado hajui kwamba kilichovaa sura ya mtu si mtu; hata baba yake akivaa kinyago mbele yake, kwake baba kaondoka. Wa miaka 8 anajua, na ndiyo maana anataka zaidi. Ukiwaalika wote pamoja, kama tunavyofanya sisi kwa kuwa hakuna anayeacha wadogo nyumbani, basi kipimo ni yule mdogo kuliko wote na yule ambaye historia yake huijui. Na kuna jambo jingine nililolipuuza: ngazi ilikuwa njia pekee ya kufika kwenye chakula na michezo. Nilimfanya kila mtoto alipe ushuru wa woga. Kitisho kingekuwa gereji, pembeni, na anayetaka aende mwenyewe, pasingekuwa na kisa.

Tulichofanya dakika ile hakikuwa na hekima yoyote, ni baba watoto tu aliyeogopa kuliko watoto. Aliwasha taa zote. Akakibeba kile kiunzi kiunoni kama mtu anayebeba mzigo wa kuni, akakigeuza mgongo, akafungua kifuniko. Betri tatu. Swichi ndogo nyeusi. Akamwita mtoto wa jirani, hakumvuta, alimwita tu: “Njoo unisaidie, hii swichi siioni vizuri.” Mtoto alikaa pale kwenye kipandio cha tatu kwa muda mrefu. Kisha akashuka. Akabonyeza, taya likafunga. Akabonyeza tena, likafunguka. Akabonyeza mara labda ishirini, na sisi wote tumesimama tunasubiri kama watu wa foleni. Halafu akatangaza kwamba hakuna mtu kuwasha bila ruhusa yake.

Jioni nzima akawa fundi wa mifupa. Mwishoni alimtega mama yake jikoni, na yule mama mlokole akaruka na kijiko cha mafuta mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Mpwa wangu, yeye, hakushuka tena bila kubebwa, na hadi leo akija kwetu huuliza kwanza, “Bwana Mifupa yupo?” Sitasema tulilirekebisha lote.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Mandazi tuliyafunga kwa uzi na kuyaning'iniza kwenye fimbo ya pazia, mikono nyuma, atakayemaliza la kwake kwanza. Wamarekani hufanya mchezo huu kwa donati, na kabla ya hapo watu wa Ireland na Uskoti waliufanya kwa matofaa. Andazi la iliki linafaa kuliko donati: ni gumu kiasi, halidondoki. Kaimati tulizibandika zabibu kavu katikati zikawa macho yanayong'aa shira. Machungwa madogo yaliyomenywa tuliyachomeka kijiti cha kijani juu, yakawa maboga. Kufungana kwa karatasi za chooni mpaka mtu awe maiti ya Kimisri kuligharimu dola chache na kulichukua dakika 20 za furaha isiyo na kifani, ingawa mama wa Mombasa aliposikia kesho yake alisema kwa mbali inafanana mno na sanda. Mwakani tutatafuta jingine.

Maboga nayo. Mwanzoni mwa Oktoba nilinunua mawili makubwa ya kuchonga, na nashukuru sikuyachonga mapema, kwa kuwa likishachongwa huanza kunywea na kuota ukungu baada ya siku chache. Watoto waliyachora kwa kalamu za wino, watu wazima wakakata. Ndani tukaweka taa za betri badala ya mishumaa, kwani mavazi yale ya dukani ni mepesi na mapana, na watoto huinama kuchungulia. Nyama ya boga nikaipika kwa nazi nikitarajia futari ya nyumbani. Ilikuwa maji na nyuzi. Boga la kuchonga halikulimwa kwa ajili ya sufuria. La kula ni lile dogo, tamu, linalouzwa kwa ajili ya pai. Hii desturi ya kuchonga, kwa njia, ilianza na tanipu, mzizi mnene unaoliwa, huko Ireland na Uskoti, na wahamiaji ndio waliokuta boga Amerika wakaona ni rahisi zaidi. Nikilifikiria hilo huwa naona aibu ndogo kuhusu uzi na mandazi yangu ikiisha.

Hatari ya kweli ya jioni ile haikuwa kiunzi. Mmoja wa wale watoto wa Kimarekani ana mzio wa karanga. Mama yake aliniachia sindano ya dharura na maelezo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Nilikagua kila pakiti ya pipi. Nikaweka mlangoni boga dogo lililopakwa rangi ya samawati yenye ukijani, ambayo hapa ni ishara kwamba nyumba ina zawadi zisizo chakula, na kwenye bakuli lake nikatia penseli na vibandiko. Kisha mgeni wetu mmoja, kwa upendo kabisa, akafika na sahani ya kashata. Za karanga. Nilizikuta mezani zimeshapungua mbili. Hatukufanya kelele: sahani ikatoka, meza ikafutwa kwa sabuni, watoto wote 11 wakapanga mstari kunawa mikono kwa kisingizio kwamba mchezo unaofuata unahitaji mikono safi. Yule mtoto hakuwa amegusa. Lakini somo limenikaa: mwaliko wangu ulisema “njooni”, na Mswahili akiambiwa aje hafiki mikono mitupu. Ilibidi niseme tangu mwanzo, msilete chakula, au mlete soda.

Vitendawili tuliviweka mwisho, wakiwa wamechoka na wamekaa kwenye mkeka. Jirani yangu ndiye aliyetega wa kwanza, na sauti yake ikabadilika kabisa. “Kitendawili!” Watoto wetu: “Tega!” Wamarekani wakajifunza hilo neno kwa sekunde tatu. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Ajifungua na kujifunika. Mwavuli. Hamwogopi mtu yeyote. Hapa walikisia simba, polisi, Bwana Mifupa, mpaka walipochoka, na tukawafundisha kanuni: ukishindwa unatoa mji, mtegaji anakwenda kuutembelea, anajisifu alichokula huko, ndipo anakupa jibu. Njaa. Mtoto wa jirani alidai miji minne akaitembelea yote bila kumpa mtu jibu hata moja, na sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Alhamisi jua lilizama saa kumi na mbili na dakika chache. Tulikwenda na watoto saba, makoti chini na mavazi juu, hivyo malkia wangu alikuwa mnene kama gunia la pamba. Anayenunua mavazi Iowa anunue saizi inayobeba koti. Kila mtoto alikuwa na ukanda unaong'aa mgongoni na taa ya mkono. Hapo sikutaka mchezo. Watafiti waliochunguza ajali za Marekani kuanzia mwaka 1975 hadi 2016 walikuta hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween inazidi jioni za kawaida kwa asilimia 43. Pipi zenye sumu ni za WhatsApp. Gari linalorudi nyuma kutoka gerejini ni la kweli.

Nyumba ya tano au ya sita alifungua mzee mmoja mwenye kofia ya mkulima na bakuli mkononi. Akainama, akawauliza wana utani gani. Mtoto wa jirani, aliyekuwa amevaa ovaroli na kushika bisibisi kwa kuwa alikuwa fundi wa mifupa, akasogea mbele, akasema kwa Kiingereza nyumba yangu haina mlango. Mzee akafikiri. Akamwita mkewe. Mkewe naye akafikiri, na nyuma yetu watoto wa kundi jingine wakaanza kupiga miguu kwa baridi. Mwishowe mzee akanyanyua mikono na kumnyooshea bakuli achukue.

Mtoto hakuchukua. Alisubiri, mkono umenyooshwa, kisha akamweleza kwamba kwanza ampe mji.

“Chicago,” mzee akasema.

Akakubali. Akafumba macho, akaenda Chicago, na sisi sote tukasimama kwenye ngazi ya watu tukimngoja arudi.